Siku ya Tatu, Jembe

Walimwingiza bila hodi.
Saa nne asubuhi, Riga, theluji dirishani,
daktari Zvirbulis akamlaza kuliani, chini ya kitovu,
si mahali pa figo.
Zangu mbili wameziacha palepale mgongoni,
zimesinyaa kama kokwa.
Hazikufukuzwa, hazikupewa taarifa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu alikuja na jembe lake.
Kabla sijafumbua macho alikuwa keshalima:
mkojo mfukoni, wa manjano,
muuguzi akaunyanyua kwenye mwanga
kama anayekagua asali.

Ni figo ya dada yangu, Austra.
Miaka kumi na mmoja hatukusemezana,
kisa nyumba ya mama kule Cēsis na miti yake ya tufaha.
Damu nzito kuliko maji,
ila maabara walipoipima
walikuta tumefanana nusu.
Nusu! Nikacheka mpaka nikakohoa.
Mahakama haikunipa nyingi hivyo.

Siku ya kumi na moja mwili ukashtuka.
Seli nyeupe, zilizofundwa utotoni nyuma ya kidari
kujua changu na cha mtu,
zikampapasa mgeni,
zikasoma ile nusu isiyo yangu,
zikaitana.
Homa. Mkojo ukakata.
Wakanichoma sindano ndefu, wakanyofoa kipande,
na kwenye darubini zilionekana zimejazana
kama warithi mlangoni pa marehemu.

Nikaona haya,
maana nilikuwa nimeshamsamehe.
Nilidhani nimeshamsamehe.
Hakuna aliyeziambia seli.

Dawa mshipani, siku tatu. Zikatulia.
Hazijakubali, asema daktari, zimezibwa mdomo tu.
Basi vidonge, saa moja asubuhi, saa moja usiku,
mpaka kufa kwangu au kwake.
Balungi marufuku.
Tramu nimeacha kuendesha:
kikohozi cha abiria mmoja chatosha kunizika.

Jumapili Austra hupiga simu.
Haulizi hujambo.
“Inafanya kazi?”
“Inafanya.”
Kisha kimya, nasikia birika likichemka
katika jiko la mama.

Vuli hii katuma kikapu cha matufaha.
Hakuna barua ndani, majani mawili matatu tu.
Nimeyaosha kwa maji ya moto kama nilivyoelekezwa,
nikamenya moja,
nikalila kwa ncha ya kisu, nimesimama,
saa moja kasoro dakika tano,
kengele ya vidonge haijalia.