Arobaini na Sita

Binadamu ana meno thelathini na mawili,
ndivyo nilivyofundishwa shuleni, hapa hapa Szeged,
na mimi nimebakiwa na kumi na tisa.
Lakini profesa ananiinamia, anagonga kwa chuma,
anawatangazia wanafunzi wake kwa Kiingereza:
arobaini na sita.
Namba za Kiingereza alinifunza mjukuu
tukicheza kujificha, kwa hiyo sikusikia vibaya.
Nikanyamaza. Mtu aliyepanuliwa mdomo
habishani na hesabu.

Kila Jumatano kiti hiki ni changu.
Tiba ni bure, malipo ni subira:
kazi ya nusu saa hula asubuhi nzima,
maana kila hatua sharti mkubwa atie saini.
Wananizunguka sita,
yule mrefu wa Bergen, mapacha wa Haifa,
kijana wa Daegu asiyecheka,
na juu ya ulimi wangu wanapitisha lugha
kama sisi karakana ya tramu
tulivyopitishiana spana juu ya bomba.
Ulimi wenyewe hauulizwi.

Wangu ni Golnaz, mwaka wa nne, kwao Shiraz.
Hutumia mkono wa kushoto. Kila kitu hapa
kimeundwa kwa watu wa kulia,
basi yeye hujikunja, kiwiko hewani,
nami husogeza kichwa kabla hajaomba.
Tumezoeana, bawaba na mlango.

Wamefundishwa Kihungaria cha kliniki:
Fungua. Funga. Sukutua. Tema.
Maneno ya kumfunza mbwa,
ila yeye hulishika kila moja
kama kikombe cha kaure alichoazima kwa jirani.

Leo, sindano iko tayari, akaniuliza:
Háj?
Alitaka kusema fáj, yaani inauma,
barakoa ikameza herufi ya kwanza.
Háj ni mafuta ya nguruwe.

Nimelala chali, taa usoni,
Etelka wangu ana miaka sita kaburini,
na binti wa Shiraz ananiuliza kwa upole,
macho yamejaa mtihani:
Mafuta ya nguruwe?

Nikamwona mama, Januari, siku ya kuchinja,
anakunja unga na mafuta, anakunja tena,
jamu ya plamu inachungulia pembeni,
na mwiko unaushukia mkono wangu
kwa sababu sikungoja zipoe.

Chozi likatoka. Likateleza hadi sikioni.
Golnaz akaruka nyuma, akaiweka sindano,
akamwita profesa kwa Kiingereza cha mbio,
na profesa akakunja uso,
akaandika kitu kwenye jedwali lake.
Kitu gani, sijui. Alama zake zilikuwa pale.

Nikainua mkono. Nikatoa pamba kinywani.
"Fff," nikamwonyesha,
meno yangu mawili ya juu yaliyosalia
juu ya mdomo wa chini. "Fff. Fáj."
Akashusha barakoa.
Mwaka mzima, ndiyo kwanza nakiona kinywa chake:
jino moja la mbele limempanda mwenzake.
Daktari wa meno!
"Fff," akasema. "Fáj."
Na wale watano nyuma yake wakafuata,
hata yule wa Daegu,
chumba kizima kikivuja pumzi
kama tairi lililokanyaga msumari.
Profesa akatazama saa.

Nikalala tena, nikapanua.
Akauliza upya, herufi zote mahali pake.
Nikatikisa kichwa: hapana.
Haikuwa kweli. Iliuma hadi kisogoni.
Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umetulia,
na fundi yeyote atakwambia:
mkono ukishatulia,
usiuguse.