Mlingoti wa Tatu

Kazi yangu ni kamba.
Saa mbili, lango likifunguliwa,
kabla bembea kubwa haijapakwa grisi,
kabla ngamia wa picha hajatandikwa busati,
napandisha bendera nne kwa mpangilio
uliobandikwa ukutani na meneja:
nyekundu tupu ya sultani,
ya kampuni, yenye jua na taji,
ya buluu, yenye simba mwekundu kasimama kwa miguu ya nyuma,
kisha yetu.
Shilingi mia nane kwa siku. Chai bila andazi.

"Safari ya Miaka Mia," ndivyo kisemavyo kibao
pale langoni, Barabara ya Lang'ata, ukishapita makaburi.
Watoto hawasomi kibao.
Wao huuliza kama simba yule anauzwa,
na kweli anauzwa: dukani, kwenye kikombe, mia tatu na hamsini.

Wahenga walisema bendera hufuata upepo.
Hawakumtaja mtu wa chini, mwenye kamba.

Mwezi wa Mei wakaja wanafunzi wa chuo na mabango,
na wakili mmoja mwenye sauti ya kuhutubia uwanja mtupu.
Ishusheni!
Meneja Lemayian akatoka na kipaza sauti:
historia si takataka za kufagilia chini ya jamvi.
Wakamjibu: wala si pambo la kuning'iniza juu ya pamba ya sukari.
Nilisimama katikati, bisi mfukoni,
nikaona wote wanasema kweli,
jambo lisilomsaidia kitu mwenye kamba mkononi.

Lakini nilitaka kukueleza habari za Wakiuru.

Kila Alhamisi, siku ya wazee kuingia bure,
hushushwa na bodaboda ya mjukuu wake kutoka Kawangware,
raba miguuni, sweta lenye vifungo viwili visivyofanana.
Hapandi treni. Hamtazami ngamia.
Huenda moja kwa moja hadi mlingoti wa tatu,
hutandika leso, huketi,
hunyoosha miguu yote miwili
kama mtu aliye kwenye kibaraza chake,
kisha huniambia: "Haya. Vuta."

Navuta. Kapi linalia.
Simba anapanda akikwamakwama
na yeye anamenya chungwa.

Alhamisi ya tatu nilimwuliza.
Hakunitazama. Alitema mbegu.
"Kile kijiji walichotuzungushia miba na handaki,
filimbi ikilia, hiyo ikipanda, tulisimama.
Mwenye mimba alisimama. Mwenye homa alisimama.
Dada yangu Njoki alichelewa kuinuka,
magoti yalikuwa yamevimba."
Akala kipande kingine, polepole, hadi kikaisha.
"Basi sasa naketi."

Juzi Jumanne ikaja barua. Mwenye bustani kachoka na kelele.
Nikaishusha saa sita mchana, nikaikunja mara nane,
nikaitia kwenye gunia la unga, stoo, karibu na sumu ya panya.
Wanafunzi wakapiga picha, wakapeana mikono,
mmoja akanipa hata mimi mkono.
Sikuhuzunika. Kapi moja limepungua la kutia mafuta.

Alhamisi akaja.
Akatandika leso, akaketi, akanyoosha miguu,
akatazama juu:
kamba ikigonga chuma kitupu, ting, ting.
Chungwa mkononi, na ganda lake.

"Iko wapi?"

Nikamwambia imeondolewa, bibi. Watu walikataa. Mmeshinda.

"Nani kashinda?"
Akalizungusha chungwa kama anayetafuta mlango wake.
"Aliyeiondoa aliniuliza?
Nilisimama miaka mitano.
Nimeketi Alhamisi kumi na moja.
Sijamaliza kuketi."

Nyuma yetu bembea ikaanza, tupu, ya majaribio,
viti vikipanda na kushuka bila mtu.
Hakuondoka. Hakumenya.

Ufunguo wa stoo ninao mimi.
Meneja hufika saa nne.