Vidole Viwili

Kiti cha kwanza kilikuja cha msaada,
kimefungwa nailoni, picha zikapigwa.
Nikaingizwa kama mto kwenye foronya ya mtoto.
Wiki mbili, mapaja yakachorwa mistari myeusi,
na kila mgeni akaniambia: punguza mwili, bibi.
Hakuna aliyekiambia kiti: ongeza.

Mizani ya kliniki hukoma mia na hamsini,
kisha mshale hutetema, haujui la kusema.
Shekue akanipeleka Marikiti, ghala la mchele,
kwenye mizani ya magunia.
Mpakizi akatazama kando kwa adabu,
akaandika kwa chaki: mia na sitini na nane.
"Daraja la ngapi?" nikamuuliza.
"Pishori, mama."

Ndipo nikafika Changamwe, kwa Mwakio,
fundi wa viti, futi shingoni kama mimi zamani.
Miaka thelathini na miwili nimewashonea mabibi harusi wa Kibokoni;
naujua mkono unaopima
na mkono unaohukumu.
"Kaa unavyokaa," akasema, "usibane pumzi."
Maneno hayo nimewaambia wangapi!
Akapima nyonga, pale palipo papana kabisa,
akatia vidole viwili kulia, viwili kushoto.
Akapima paja hadi nyuma ya goti,
akaacha vidole viwili tena, damu ipite.

Shekue akadakia: "Kitanue zaidi, ajinafasi."
"Gauni likipwaya," nikamjibu kabla ya fundi,
"bibi harusi hulikanyaga."
Mwakio akaninyoosha mikono: gurudumu likiwa mbali
mabega ndiyo yatakayolipa.

Kisha akaniuliza ambalo daktari hajaniuliza:
"Ukicheka, mwili waenda mbele ama nyuma?"
Sikujua. Ikabidi nichekeshwe.
Shekue akaanza ile harusi ya Ganjoni,
gauni nililolitia mikono miwili, yote ya kushoto,
bibi harusi akala pilau kiwiko juu.
Nikacheka hadi machozi. Benchi likalia.
Na fundi, kapiga magoti, yuwatazama tumbo langu
kama mtu asomaye barua,
akasogeza ekseli inchi moja na nusu.

Inchi ishirini na tatu za kukalia.
Thelathini na moja, tairi hadi tairi.
Na mlango wangu?
Ishirini na sita.

Usiku ule sikulala. Nyumba ya babu,
msaji umechongwa maua hadi kizingiti; nani ataupasua?
Asubuhi Mwakio akaja, akagonga ubao wa kushoto.
"Na huu?"

Bawa la pili. Komeo limeshika kutu
tangu lilipopita jeneza la mume wangu.
Nililifunga jioni ile ile, nikapita ubavu ubavu
miaka kumi na minne,
nikidhani mlango ni huo nusu.

Nikamwambia Shekue: mtoto wa meza ya cherehani,
nyuma ya vifungo, kuna kichupa cha mafuta.
Tone. Tone jingine. Ngoja linywe.

Haya, vuta.