Kitenzi Chenye Mkia

Kwa Kiingereza, alisema Mwalimu Bwire,
kitenzi hutembea na mkia.
Ukikikata mkia, si mnyama yuleyule.
Darasa letu liko juu ya duka la mbolea, Kirumba,
Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni.
Mikono yangu ilinuka bado minofu ya sangara
hata baada ya ndimu.
Nikaandika: kutulia-ndani.
Kupata-joto-kuelekea.
Na kitu kipya, akasema, polepole kinaota-juu-yako.

Kinaota kama nini, mwalimu? Kama ukurutu?
Kama yale magugumaji yaliyoufunga mwalo wetu
mpaka mitumbwi ikakaa wiki nzima kama imesusiwa?
Darasa likacheka. Yeye hakucheka.
Ni kupenda, akasema, bila kukusudia.

Sisi tuna zoea, basi,
tunalivuta kama donge la chapati:
zoeana, zoesha, zoeleka,
na likishakauka, mazoea,
ambayo tulishaonywa kuwa yana taabu.

Kwangu ni Mabatini, juu majabalini,
ngazi mia moja na tisa, nimezihesabu na ndoo kichwani.
Jiwe moja limeingia mpaka jikoni.
Mume wangu alishindwa kulivunja, akajenga kulizunguka.
Mwezi wa kwanza nililigonga goti kila alfajiri.
Siku hizi goti linakwepa lenyewe gizani.
Lilianza lini, sijui.

Ila binti yake, Minza.
Miaka tisa. Ananiambia shikamoo,
na baada ya shikamoo hakuna jina.
Kile kikombe chenye ua la bluu kilikuwa cha mama yake.
Sijakigusa.
Vumbi lake nalifuta kwa macho.

Alhamisi usiku umeme ulikatika.
Nimeinamia daftari kwa tochi ya simu,
akaja, shuka mabegani, akasimama pembeni
kama mkaguzi wa kiwandani.
"Hapa umekosea. Mkia si huo."
Akachukua penseli. Akafuta wangu, akaandika wake.
Halafu akakaa juu ya lile jiwe,
ubavu wake ukagusa wangu
na haukuondoka.

"Lingine," akasema.

Nikasoma lingine.
Nililijua.
Nikalikosea.