Namba Thelathini na Moja

Usiku wa tatu baada ya mvua ya kwanza
bonde la Kitere lilibweka.
Mgeni angedhani mbwa wamemzingira mwizi
kule majarubani. Sisi tulivua viatu.

Dokta Tumpale kwao Rungwe, kwenye baridi na migomba.
Kaja huku kusini na mizani kama ya sonara,
ndoo sita, tochi za kichwani,
na daftari lisilolowa.
Kazi yangu mimi kushika.
Elfu kumi na tano kwa usiku, chai juu yake.

Kelele za chura, walisema wahenga,
hazimzuii tembo kunywa maji.
Sawa. Lakini nani aliwahi kuzihesabu?
Tunazihesabu sisi, dakika tano kila kituo,
kalamu mdomoni, mbu masikioni,
na tembo mwenyewe hatujamwona.

Thelathini na moja nilimkamata mimi.
Chura fahali: mgongo matuta matuta
kama shamba la viazi, koo la njano, shingo hana.
Akaniuma. Si meno yale, alisema Dokta,
ni mfupa wa taya uliochongoka,
na damu yangu ikadondokea safu ya uzito.
Gramu mia tatu na kumi. Doa lipo mpaka leo.

Tukamtia maji tumboni kwa mpira mwembamba,
polepole, kama anayenyweshwa mtoto mchanga dawa,
akaitapikia sinia chakula chake chote:
kumbikumbi arobaini,
konokono,
panya mmoja na mkia wake,
na chura mdogo wa matete, yule yule
tuliyekuwa tunamsaka tangu juzi.
Alikuwa bado ana rangi.
Dokta alinyamaza kwanza. Kisha akaandika.

Asubuhi Bi Somoe Chikoleka kasimama tutani, jembe begani.
"Nyie wenye ndoo, huyo mwizi au mlinzi?
Panya wa mpunga wangu kala, nashukuru.
Vifaranga wangu watatu kala vile vile.
Sasa niandikieni: nimdai nani?"
Dokta akacheka, akajifuta uso.
"Mama, swali hilo nimeliombea fedha
kwa kurasa arobaini."

Februari jua lilikausha kidimbwi cha wanawe.
Viluwiluwi vilikuwa vinachemka kwenye tope
kama maharage. Tukakaa mbali, tukatazama:
baba mtu akageuza makalio, akaanza kuchimba
kwa miguu ya nyuma, mfereji wa hatua nne,
tangu saa nne hadi alasiri,
mpaka maji ya jaruba yakaingia.
Nilitaka kupiga makofi.
Naye akageuka, akameza wanawe wawili.
Daftari lina safu ya *malezi* na safu ya *mlo*.
Dokta alishika kalamu juu ya mstari katikati.

Mwezi wa saba tukamfuata kwa kifaa kinacholia.
Juu mashine za salfa zinanguruma,
mikorosho imepauka kwa unga wa njano,
na sisi chini yake tunachimba kwa mikono.
Huyo hapo. Amelala
ndani ya ngozi zake mwenyewe, moja juu ya moja,
barua ndani ya bahasha ndani ya bahasha,
pua tu ndiyo iko wazi.
Udongo uliomzunguka una chembe za njano.
"Inafika huku chini?" niliuliza.
"Ndiyo tunalolitafuta," akajaza kichupa, akakifunga.
Tukamfukia. Nilipiga udongo kwa kiganja
kama ninavyofanya makaburini, nikajiona mjinga.

Desemba mvua ilichelewa wiki mbili.
Ilipokuja, bonde lilibweka upande mmoja tu.
Usiku wa kwanza, wa pili, wa nne:
mbele ya thelathini na moja nafasi tupu.
Dokta hakula.

Siku ya tano kaja mjukuu wa Bi Somoe, mbio, tope magotini:
"Bibi kasema mje na ile mizani.
Kamla wa nne."
Na kule bandani, ukutani,
mistari minne ya mkaa,
wa mwisho bado mbichi.