Ya Tatu

Ziko tano. Kaka yangu Mwinjuma anasema sita,
lakini katika ile ya sita jitu halimo,
limo jina lake tu, na harusi, na gari linaloanguka korongoni,
kwa hiyo mimi siihesabu.

Tulizionea Tanga, Jumapili saa nane, onyesho la wanawake,
mabuibui yamekunjwa mapajani kama paka waliolala,
dengu za kukaanga, kitoto cha Bi Mshihiri kikilia,
na Jivraj mwenye tochi akipita katikati:
"Kaa chini mama, kaa chini, bado hajakufa."

Ya kwanza kila mtu huisifu.
Kaburi linafunguka, mkono unatoka,
kisha giza refu mpaka unasikia bangili za jirani zikitetemeka.
Naikubali. Ni nzuri kama maji ya kunywa yalivyo mazuri,
nani atabishana?

Ya pili ni ya Mwinjuma.
Humo jitu linajifunza kusema,
nalo linasema neno moja: "Baridi."
Darasa la nne zima likapita mwezi likisema "baridi"
katika joto la Februari, Ngamiani,
mpaka Mwalimu Semhando akaleta fimbo.

Ya nne ina mapacha; tuiache.
Ya tano wamemleta mumiani apigane nalo,
kwa sababu mtu akiishiwa
huuza maajabu mawili kwa bei ya moja.
Tuliicheka. Bi Mshihiri hakucheka.
Mumiani wake hakuwa wa sinema,
alikuwa na gari jekundu lenye kengele
na aliwahi kupita Barabara ya Nane usiku wa kuamkia mfungo.

Lakini ya tatu.

Ya tatu wanasema mbovu, na wanasema kweli.
Mwezi umetundikwa kwa uzi, na uzi unaonekana.
Popo ni kitambaa. Zipu ya jitu inang'aa mgongoni,
na kila lilipogeuka safu ya mbele ilipiga kelele: Zipu! Zipu!
Tena kipande cha katikati kilikwisha kuungua
huko kilikotoka, Mombasa au Bombei,
kwa hiyo jitu linasimama mlangoni kwa mjane, mvua inanyesha,
na papo hapo limeshakaa jikoni, limelowa,
wala hatujui nani aliyelifungulia.

Baba alifanya kazi chumba cha brashi,
shamba la mkonge, njia ya Pongwe.
Alirudi kwa baiskeli mweupe mpaka kope,
nyuzi masikioni, nyuzi ndevuni,
na kikohozi kilichotangulia kona mbili ndicho kilichokuwa hodi yake.
Jumatatu iliyofuata aliposimama mlangoni magharibi ile,
hana rangi hata moja,
nililiona: lile lile, bila zipu.
Nikapiga ukelele. Nikatia komeo.

Hakugonga.
Nilimsikia akijipangusa kwa gunia, polepole,
kisha sauti ndogo, kama anamwambia mtu mwingine:
"Ni mimi, Mwanahawa. Ni vumbi tu."

Nani aliyemfungulia, sikumbuki.
Hapo na mimi kipande kimeungua.
Nakumbuka ameshakaa jikoni, amelowa maji ya kuoga,
mbaazi zinapoa mbele yake,
ananitazama kwa woga
kana kwamba mimi ndiye wa kukimbiwa.

Kikohozi kile kilimmaliza kabla sijavunja ungo.

Juzi Mwinjuma kapiga simu, kaletewa na mjukuu wake zote,
zimesafishwa, safi kama sahani,
na kile kipande cha ya tatu kimeonekana, kamili, dakika nne.
"Nikwambie nani alifungua mlango?"
Nikamwambia asithubutu.
Akacheka. Nikasikia televisheni nyuma yake, mvua, mbwa.
Nikamwuliza: na zipu?
Zipu wameifuta, akasema, haionekani tena.

Basi hiyo siyo.