Sikio la Fundi Endovo

Namba mia mbili na kumi na nne.
Sikuhitaji kuuliza ni nani,
kikopo nilimpa mimi mwenyewe,
nikamwonyesha jinsi ya kukohoa kutoka chini,
alfajiri, kabla ya chai, nje penye upepo.
Si mate, baba. Makohozi.

Nikapaka kwenye kioo, nikakausha.
Nikamwaga ile rangi nyekundu, nikapitisha moto chini yake
mpaka ikatoa mvuke bila kuchemka.
Asidi ikaja ikafua kila kitu,
kisha buluu.
Vyote vilivyomo kifuani mwa mtu hukubali kuwa buluu
isipokuwa wale.
Niliinamia hadubini. Walikuwepo:
vijiti vyekundu, viwili hapa, vitatu pale,
kama njiti za kiberiti zilizomwagika kwenye shuka la wodini.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya vidonge
na mkojo wa rangi ya Fanta.
Baba alisema amegeuka kiwanda cha soda,
Chavakali nzima ije na chupa.
Kikohozi hakikucheka naye.
Tukapeleka kikopo kingine Kisumu ndani ya boksi la barafu;
wakawaotesha huko, wiki nenda wiki rudi,
wakawajaribia dawa hii, wakangoja, wakajaribu ile.
Karatasi ilirudi na neno limeandikwa mara mbili:
Sugu. Sugu.
Yaani, hawasikii dawa.

Ndipo sindano.
Miezi minane, kila asubuhi isipokuwa Jumapili,
leo kalio la kulia, kesho la kushoto,
Sista Kagehi akipapasa, akitafuta mahali ambapo hapajawa pagumu.
Usiku baba alitapika.
Aliota watu wenye meno ya shaba wakimdai spea.
Hayo tulikuwa tumeonywa, yalikuwa kwenye orodha.
Na lile lingine lilikuwepo pia, mstari wa mwisho.
Niliusoma.
Sikumsomea.

Mwezi wa tano akaniambia kuna mlio,
"kama redio iliyokwama katikati ya stesheni mbili."
Nikacheka. Fundi wa redio angesema nini kingine?

Wiki iliyofuata nilimkuta kibandani
ameipasua redio ya mwalimu Amugune,
nyaya nje kama utumbo wa kuku,
amebadilisha betri, amebadilisha kapasita,
waya ule ule ameuchomea risasi mara tatu.
Mlangoni mtoto wa jirani
ameziba masikio kwa viganja.
Redio ilikuwa inatangaza vifo kwa nguvu zake zote.
"Imekufa kabisa hii," baba akasema,
kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

Sikio la kufa, husema watu, halisikii dawa.
La baba liliisikia.
Liliisikia kabla ya wadudu kuisikia,
likaifungulia mlango mpaka chumba cha ndani
penye vinyweleo vinavyopokea sauti,
dawa ikavilaza kimoja kimoja, ikianza na zile za juu:
ndege, kengele ya shule, wajukuu.

Alipona. Nilisoma vioo vyake vyote vya mwisho
na kila kimoja kilikuwa buluu tupu, buluu ya kuchosha macho.
Siku hizi sindano ile haichomwi tena,
wagonjwa wangu humeza vidonge vipya
na kurudi nyumbani na masikio yao.
Nafurahi. Nafurahi kweli,
na kuna kitu kando ya furaha hiyo
ambacho sijapata rangi ya kukipaka kikaonekana.

Baba bado anatengeneza redio.
Huweka ncha ya kidole kwenye spika
kama anayepima homa ya mtoto,
kisha hunitazama mdomoni: inaongea?

Jana alinisukumia risiti kuukuu,
upande wa nyuma ameandika kwa penseli:
Ulikuwa unajua?

Nilichukua penseli.
Nikaanza na tarehe,
kama tunavyofanya maabara.